Lenzi Niliyoipiga Upepo

Kila lenzi iliyorudi dukani ilirudi na uchafu wa mtu. Nilipoanza kazi pale Karatu nilidhani nitashika vioo, vitu safi vinavyong'aa, na nyumbani nilikuwa nimetangaza hivyo: nimepata kazi ya kamera. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi yenyewe ni kukwangua mafuta ya kujikinga na jua yaliyoganda kwenye pete za mpira, kunasua nywele za mtu nisiyemjua kwa kibanio cha nyusi, kufuta alama za vidole vya mtoto aliyekuwa anakula chokoleti huku anatazama simba. Siku moja nilikuta kamasi. Ilikuwa imekauka pembeni ya tundu la kuchungulia, na nilikaa na ile kamera mkononi dakika nzima nikijiuliza kama mafua yanaweza kumpata mtu kutoka kwa mgonjwa ambaye alishapanda ndege akaenda kwao.

Kubwa kuliko yote lilikuwa vumbi. Kufikia mwezi wa tatu kazini niliweza kulitambua lilikotoka bila kuuliza. La Karatu ni jekundu na laini, linashika kama poda. La chini ya kreta ya Ngorongoro ni la kijivu, lina chumvi ya ziwa, ukiliramba kwa bahati mbaya, na mimi nimeliramba, linauma ulimi. La Mang'ola linakuja na vipande vya maganda ya vitunguu vyepesi kama mabawa ya kumbikumbi, kwa sababu barabara ile ni ya malori ya vitunguu. Nilikuwa na digrii ya mawasiliano ya umma, na ujuzi wangu mpya mjini ulikuwa huo.

Duka lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kuu, katikati ya duka la dawa na mgahawa wa chipsi. Tulikodisha kamera na lenzi kwa watu wanaokwenda Ngorongoro. Bosi alikuwa dereva wa watalii zamani, mtu mnene mwenye sauti ya kuchangamkia wageni, na kwenye kioo cha kabati alikuwa amebandika karatasi iliyosema lenzi zetu zote haziingizi vumbi wala maji. Mimi niliichapa karatasi ile. Niliichapa siku ya kwanza, kabla sijajua chochote, na baada ya kujua sikuibandua.

Nilichokuja kujua ni hiki. Lenzi ndefu ya kuvuta, ile inayomleta karibu mnyama aliye mbali, ina bomba ndani ya bomba. Ukizungusha pete, bomba la ndani linatoka nje, na nafasi iliyoachwa ndani lazima ijae hewa. Hewa hiyo inatoka hapo hapo ulipo. Ukirudisha bomba, hewa inatoka, vumbi linabaki. Lenzi inapumua. Wanaozitengeneza wanaweka mpira mwembamba pale inapoungana na kamera, na kitambaa kama cha sufu kuzunguka bomba, na hivyo vinasaidia kweli, vinasaidia sana kama ni lenzi mpya na kama mvua ni ya rasharasha. Lakini mpira unachoka. Kitambaa kinashiba vumbi mpaka kinageuka chenyewe kuwa mahali vumbi linapokaa. Lenzi yetu ndefu, tuliyokuwa nayo moja tu, ilikuwa imepumua Karatu miaka sijui mingapi. Ukiitikisa karibu na sikio ilinong'ona.

Nilimwambia bosi. Nilikuwa nimesoma usiku kucha na nikaja na maelezo yote.

"Sikiliza, msomi," akasema. "Mgeni akirudi kwao akikuta doa kwenye picha, anafikiri ni ndege."

Mwalimu alikuja Alhamisi moja mchana. Alikuwa mama wa makamo kutoka Oldeani, anafundisha shule ya msingi, na aliingia dukani akiwa ameshika pochi kwa mikono miwili kama mtu aliyeingia ofisi ya mkuu wa wilaya. Nilimwamkia, akaitikia, akaanza kueleza kabla hajakaa. Baba yake alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Maisha yake yote ameishi chini ya mlima ule wenye kreta, amechuma kahawa kwenye mashamba ya wenyewe, amelima lake, na hajawahi hata siku moja kushuka kreta. Jicho moja lilishakufa, la pili lina mtoto wa jicho na linaona tu kilicho puani. Na kuna kitu kimoja alichokuwa anakitaka.

"Faru," akasema Mwalimu. "Alipokuwa mtoto faru alimkimbiza, akapanda mti, faru akamngojea chini mpaka jioni. Hakuna mtu Oldeani asiyeijua hadithi hiyo. Sasa anasema anataka amwone tena mara moja kabla giza halijafunga. Nikafikiri, kwa mbali hataona. Lakini kamera si inavuta? Ikivuta, ikapiga, nikamwekea kile kioo cha nyuma hapa," akagusa pua yake, "si ataona?"

"Ataona vizuri sana, Mwalimu," bosi akadakia kutoka nyuma yangu. "Na huyu kijana wangu atakwenda na ninyi kuwapigia. Msomi huyu. Jumamosi, siyo?"

Alipotoka nilikuwa nimeanza kuhesabu vitu vinavyoweza kwenda vibaya. Hiyo ni tabia yangu, nafanya hivyo hata nikitumwa chumvi. Lenzi ndefu ilikuwa Mang'ola, na wageni wanaotembelea Ziwa Eyasi. Inarudi Ijumaa. Ikirudi Ijumaa jioni ikiwa chafu, nina saa mbili. Ikirudi imevunjika, sina kitu. Mzee akifa kesho, je?

Ilirudi Ijumaa saa kumi jioni, na niliposhika bomba la ndani nikalivuta nje, nilifuta vidole kwenye suruali. Kuzunguka bomba kulikuwa na pete ya uji mweusi: grisi ya ndani iliyochanganyika na vumbi, mafuta ya ngozi, na ganda moja la kitunguu limejikunja kama kucha. Nilipozungusha pete ya kuvuta, mchanga ulisaga. Nikatazama ndani kwa tochi ya simu. Chembe zilikuwa zimelala kwenye kioo cha ndani, na katikati yake unywele mmoja, mfupi, mweusi, wa mwilini. Sikutaka kufikiri wa sehemu gani ya mwili, na nikafikiri.

"Ipeleke ikapigwe upepo," akasema bosi bila kuinua macho kwenye simu yake.

Lazima nieleze habari ya upepo, kwa sababu mtu wa kwingine anaweza asielewe. Karatu gari likirudi kutoka porini linakwenda kuoshwa, na pale panapooshwa magari kuna kompresa, ile mashine ya kujazia matairi. Kijana anashika bomba lake la upepo na anapuliza kila kitu. Anapuliza viti, kapeti, redio, friji ya soda, darubini za wageni. Dereva akishamaliza gari anasimama mwenyewe kwenye ngazi, anainua mikono, anapulizwa shati, suruali, kofia, masikio, na anakwenda kwa mke wake akiwa safi. Hata Biblia nimeona ikipigwa upepo. Ni desturi ya mji, na ukikataa unaonekana unajisikia.

Mimi nilikuwa najua kwamba lenzi haipigwi upepo ule. Nilikuwa nimesoma. Ndani ya tangi la kompresa kuna maji, na kuna mafuta ya mashine, na nguvu yake inasukuma vumbi mbele, ndani zaidi, hata pale ambapo mpira na kitambaa vilikuwa bado vinazuia. Kwa lenzi kuna kipuliza kidogo cha mpira unachominya kwa mkono. Tulikuwa nacho. Nilikiminya mpaka kiganja kikauma, na ule unywele ulitikisika kidogo tu, kama unaniaga.

Basi nikaenda. Nilijiambia nitaomba apulize nje tu. Pale kwenye kuosha magari palikuwa na madereva watano sita wamekaa kwenye ndoo wanakula mahindi ya kuchoma, na kijana wa upepo akanitazama ninavyoikumbatia lenzi kwenye taulo.

"Umeleta mtoto kliniki?" akauliza mmoja, na wote wakacheka.

"Puliza kwa mbali," nikasema. "Usikaribishe. Ina maji hiyo kompresa yako."

"Ooh, ina maji! Msomi amepima."

"Mpe mwenyewe ashike, wasije wakasema umeua mgonjwa," mwingine akamwambia kijana wa upepo.

Nikapewa bomba. Nikaushika ule mdomo wa chuma, una grisi, na wote wananitazama. Nilitaka kuondoka pale. Nilitaka ule unywele utoke. Nikavuta bomba la lenzi mpaka mwisho, mimi mwenyewe, nikaelekeza mdomo kwenye ule mstari mweusi, nikabonyeza.

Uji wote uliruka. Mwingine ulinirukia mdomoni. Wale madereva wakapiga makofi. Nje lenzi ilikuwa safi ajabu, na nilipowasha tochi kutazama ndani, unywele haukuwepo. Badala yake kulikuwa na vitone, vidogo kuliko kichwa cha pini, vingi, vimetapakaa kwenye kioo cha pili ambacho mkono wa mtu haufiki, na juu yake kitu kama mng'ao wa mafuta kwenye supu iliyopoa. Nikazima tochi. Nikatema mate mara nyingi, ladha haikuondoka.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu Mwalimu na baba yake walikuwa tayari wako kwenye gari la kukodi, na dereva wao, kaka mmoja mrefu ambaye kwa bahati yangu alikuwa mmoja wa wale wa kwenye ndoo. Mzee alivaa koti zito la kijeshi, kofia ya sufu, na raba mpya nyeupe kabisa. Nilimwamkia akanyoosha mkono, akanishika uso badala ya mkono.

"Mbona umekonda? Hawakulishi?"

"Wananilisha, babu."

"Basi una mawazo."

Mwalimu akanitazama mfuko wa kamera mapajani. "Kijana wangu, chini kule vumbi ni jingi. Hiyo haiingizi vumbi? Nilisoma pale kwenye kabati."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Nilikuwa nimeyaandaa maneno usiku kucha, tena kwa namna tatu: ya kuomba radhi, ya kueleza kitaalamu, na ya kumtaja bosi.

"Haiingizi," nikasema.

Pale juu ya ukingo kulikuwa na ukungu hata miti haionekani, na baridi ya kuuma meno. Dereva alisimama nyuma ya magari ya wageni wengine waliokuwa wanapiga picha ya ukungu, na upepo ukaingia kwa paa lililoinuliwa. Niliifunika lenzi kwa kofia ya nailoni ya kuogea iliyotoka kwenye hoteli moja, kisha kwa sweta langu, kisha nikafikiri kwamba sweta lina nyuzi, nikalitoa. Mzee alikuwa ameweka uso dirishani akitazama weupe.

"Ndiyo hii kreta?" akauliza.

"Bado, baba. Huu ni ukungu."

"Huu hata Oldeani upo. Mngeniacha nyumbani niutazame bure."

Tulishuka kwa barabara ya Seneto, na nusu ya njia ukungu ukaachia, jua likapiga. Mwalimu alimweleza baba yake kila kitu kwa Kiiraqw na mimi nilishika maneno machache tu: nyumbu, maji, punda milia. Mzee aliitikia kwa adabu, kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine. Vumbi la magari yaliyotutangulia liliingia likatukalia kwenye kope. Nilihisi likisaga kati ya meno, na kila lilipoingia niliona jinsi linavyoingia pia kwenye mfuko, kwenye nailoni, kwenye ule mstari nilioufungua kwa nguvu zangu.

Saa tatu na nusu redio ya dereva ikakoroma. Faru, mmoja, kati ya ziwa na msitu wa Lerai. Dereva akageuza gari. Tulipofika magari yalikuwa manane yamejipanga, na kila mtu amenyamaza. Faru alikuwa mbali sana. Kwa macho yangu mazima alikuwa kama jiwe lililo peke yake kwenye nyasi, isipokuwa jiwe hilo lilikuwa linatembea taratibu kuelekea miti.

"Baba, yupo!" Mwalimu alimshika mkono. "Yupo! Subiri kidogo, kijana anakupigia."

Nikatoa kamera. Nikavuta lenzi mpaka mwisho. Nikachungulia.

Maziwa. Hakuna neno jingine. Vile vitone vilikuwa vimekutana na baridi ya juu na joto la chini, vikafunga kioo cha ndani chote, na yale mafuta yakavishika pale pale. Nilifuta kioo cha mbele, ingawa nilijua si cha mbele. Nilifuta cha nyuma. Nikapuliza kwa kipuliza. Jasho likanidondokea kwenye kamera.

"Vipi?" akauliza Mwalimu.

"Sekunde moja, Mwalimu."

Dereva alinyoosha shingo akatazama kwenye kioo cha nyuma cha kamera. "Ah," akasema kwa sauti ya chini, lakini gari lile lilikuwa dogo. "Hiyo lenzi yako imepata mtoto wa jicho kama mzee."

"Ina nini?" Mzee akageuka.

"Imepata ukungu ndani, babu," nikasema. "Ikipata joto inaachia."

"Leta."

Alinyoosha mkono nami sikujua la kufanya, nikampa. Akafungua vifungo vya koti, akaichomeka lenzi kwapani, juu ya shati, na kamera ikabaki inaning'inia nje kama mguu wa kuku. Akalifunga koti. "Mwanakondoo akizaliwa na baridi anawekwa hapa," akasema. "Anapona." Kutoka ndani ya koti lile ilitoka harufu ya ugoro, ya jasho la zamani na la leo, ya mafuta ya kondoo, ya moshi, na mimi, mtu niliyeichafua lenzi ile kuliko kwapa lolote, nilikunja pua. Nililiona tendo hilo la pua yangu, na sijalisahau. Nilikuwa nafikiri juu ya ugoro utakaoingia kwenye pete.

Tulikaa hivyo dakika kama tano. Mwalimu alitazama faru, akatazama koti, akatazama faru. "Anakwenda," alikuwa anasema. "Baba, anakwenda. Anakwenda."

Nilipoitoa, katikati ya maziwa palikuwa pamefunguka tundu la ukubwa wa shilingi. Nikachungulia kupitia hapo. Faru alikuwa ametugeuzia mgongo. Niliona kitu cha kijivu ndani ya kitu cheupe, kipana, kinatikisika upande huu na upande ule. Nikapiga. Nikapiga mara kumi na tano, kisha miti ikamchukua.

Mwalimu alinipokonya kamera, akaiweka kwenye pua ya baba yake. Mzee akalishika jicho lake lililobaki kwa vidole viwili akalipanua. Alitazama muda mrefu. Magari mengine yalikuwa yanaondoka, vumbi linapanda.

"Nimemwona," akasema.

Mwalimu akapiga kigelegele ndani ya gari, peke yake, dereva akapiga honi mara moja ingawa hairuhusiwi, na Mwalimu akaniambia, "Mungu akubariki, mwanangu." Nikaitikia asante. Niliisikia asante yangu.

Tulikwenda kula pale kwenye bwawa la viboko, mahali watu wanaporuhusiwa kushuka. Viboko walikuwa wanarusha kinyesi kwa mikia na maji yalinuka. Mwalimu akaenda kupanga foleni ya choo, dereva akaenda kusalimia wenzake, nikabaki na mzee ndani ya gari, kwa sababu mwewe pale wanapora chakula mkononi na yeye asingewaona wakija. Nilikuwa nimemmenyea yai. Alilishika bila kulila.

"Kijana," akasema. "Pale hapakuwa na kitu."

"Babu?"

"Kwenye kile kioo. Kulikuwa na weupe. Sikuona kitu. Usimwambie mwalimu wako."

Nikaanza kueleza. Nilieleza yote, upepo, kompresa, maji, mafuta, karatasi ya kwenye kabati, jinsi nilivyosema haiingizi. Sikuwahi kueleza kitu haraka vile. Alisubiri nikaishiwa.

"Na wa kwanza sikumwona," akasema.

"Wa kwanza yupi?"

"Wa kwenye mti. Nilipanda nikafumba macho. Nilimsikia anapumua tu, na harufu. Alinuka kama zizi. Nilifumba macho mpaka kaka yangu alipokuja kuniita, nikafumbua, hayupo. Nyumbani wakauliza, yukoje? Wote wamekaa wananisubiri. Nikawaambia pembe mbili, ya mbele ndefu kama mkono wangu, macho mekundu." Akalitia yai mdomoni lote. "Nimewaambia watoto, nimewaambia wajukuu. Padri nimemwambia. Nilitaka nimwone sasa ili niwe sijadanganya."

Nilimwomba dereva tuzunguke tena, na kwa kweli alizunguka, tulifuata ukingo wa msitu mpaka saa tulizoruhusiwa kukaa ndani ya kreta zikaisha. Tuliona tembo, nyani, na gari lililopata pancha. Wakati wa kupanda ukuta wa kreta, Mwalimu alimwomba baba yake asimulie jinsi alivyokuwa yule wa leo, na mzee akasimulia bila kusita: pembe mbili, ya mbele ndefu kama mkono wangu, macho mekundu. Mwalimu alikuwa ameshika kamera. Nilimwona anaizungusha ile picha kwenye kioo, mgongo mweupe usio na pembe wala jicho. Aliitazama, akanitazama mimi, akaizima.

"Nitaomba utusafishie moja," akasema taratibu. "Kubwa. Ya ukutani."

Wiki nzima niliikodolea macho picha ile kwenye kompyuta ya duka. Niliongeza weusi, nikapunguza weupe, na kila nilichoongeza kilileta juu vitone, mpaka faru akawa na ndui. Nikafikiri nimpelekee hivyo hivyo, kwa sababu ndiyo kweli. Nikafikiri kweli ya nani, kweli ya uzembe wangu, ikae ukutani kwa watu? Bosi alikuwa na picha za zamani kwenye kompyuta ile, alizopiga mwenyewe enzi za udereva, na mojawapo ilikuwa ya faru, ubavu mzima, karibu, kila mkunjo wa ngozi unahesabika. Niliichapa hiyo. Nilipoishika nilijisikia nimeshika tena ule mdomo wa chuma wenye grisi. Nikapanda bodaboda kwenda Oldeani na picha imeviringishwa kwenye gazeti, kisha nailoni, kisha koti langu, na barabara ile ikaninywesha vumbi hata hivyo.

Mwalimu alikuwa shule. Mzee alikuwa amekaa mlangoni kwake kwenye kigoda, anapukuchua mahindi kwa kugusa. Nilijitambulisha, akanishika uso. Nikamfungulia picha magotini pake. Aliinama mpaka pua ikagusa karatasi, na jicho lake likaanza safari kutoka mkiani. Alikwenda polepole, sentimita kwa sentimita, kwa kupumua mdomoni. Mgongo. Tumbo. Matope yaliyokaukia kwenye mguu. Alipofika shingoni alisimama, akarudi nyuma kidogo, akaendelea. Sikio. Pembe ya nyuma. Jicho. Hapo alikaa sana, na jicho lile la faru, kama mnavyojua, ni dogo, jeusi, lina tongotongo na inzi watatu kwenye kona.

"Huyu ndiye yule?" akauliza.

"Ndiye, babu."

"Unaongopa. Yule alikuwa anaondoka."

Nikanyoosha mkono niichukue picha, akaniwekea kiwiko.

"Acha." Pua ilirudi kwenye karatasi, ikapanda pembe ya mbele mpaka ncha yake, ikashuka, ikarudi kwa wale inzi. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama wa mtu aliyeonja kitu kilichochacha. "Kumbe ni mbaya hivi?" akasema. "Macho kama ya nguruwe. Na midomo, itazame hiyo midomo. Nimemsifia miaka yote hii."

Akatema pembeni. Akaigeuza picha kuelekea mwanga, akaanza tena kutoka mkiani.